Jinsi Python ilivyopata watunzaji wapya

Mradi wa programu huria ukianza kuelemewa, kitu cha kwanza kinachofanyika ni kutoa tangazo: tunahitaji watu, karibuni. Watu wanasoma, wanasikitika, wanaendelea na shughuli zao. Kwenye lugha ya Python mambo yalikwenda vingine, na namna walivyofanya inastahili kuangaliwa kwa makini.

Mwaka 2015, katika mkutano wa PyCon mjini Montreal, mwanzilishi wa lugha hiyo, Guido van Rossum, alisema jukwaani kwamba anataka wanawake wasiopungua wawili waingie kwenye timu ya watunzaji wakuu, na kwamba atawafundisha mwenyewe. Hakukuwa na hata mmoja wakati huo. Mwaka uliofuata Mariatta Wijaya, mwandishi wa programu anayeishi Kanada, alimwandikia. Januari 2017 akapewa ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye msimbo mkuu. Ahadi ile ilikuwa na mwenyewe: mgeni alijua amwandikie nani, na nani atamjibu.

Lakini aliingia kwenye nyumba yenye kazi nyingi za kuchosha. Mchangiaji alikuwa anaambatanisha kiraka, yaani faili la mabadiliko yake, kwenye mfumo wa kuripoti hitilafu, kisha asubiri mtunzaji akipakue, akijaribu kwenye kompyuta yake na kukiingiza kwa mkono. Februari 2017 mradi ulihamia GitHub, na hapo ndipo adha nyingine zilipoanza kushughulikiwa moja moja.

Chukua faili la habari za mabadiliko. Kila aliyerekebisha kitu alitakiwa kuongeza mistari yake kwenye faili lile lile, karibu na mahali pale pale. Pendekezo moja likikubaliwa, mengine yaliyokuwa yakisubiri yanagongana nalo, na wenyewe wanalazimika kuyarekebisha upya ingawa msimbo wao hauna kasoro. Larry Hastings akaandika zana iitwayo blurb: kila badiliko likapata faili lake dogo, na yote huunganishwa wakati wa kutoa toleo. Kisha kulikuwa na kazi ya kuhamisha marekebisho kwenda matoleo ya zamani yanayoendelea kutumika. Mariatta akatengeneza roboti, miss-islington. Mtunzaji anabandika lebo tu, na badiliko likishakubaliwa roboti inaandaa nakala kwa ajili ya toleo la zamani. Binadamu huitwa pale tu mambo yanapogongana.

Kwangu mimi, hiyo ilikuwa kazi ya kutafuta watunzaji, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Anayejitolea ana saa mbili za jioni baada ya kazi yake ya mshahara. Akizimaliza kwa kunakili viraka, hatapata nafasi ya kusoma kazi ya mgeni na kumweleza kwa upole kwa nini mstari fulani utaleta matatizo. Mgeni asiyejibiwa kwa miezi haondoki kwa kelele. Anaacha tu kurudi.

Ngazi ya kupanda hadi kuwa mtunzaji nayo iliongezewa vipandio. Mtu anaweza kupewa ruhusa ya kupanga ripoti, kubandika lebo na kufunga zilizopitwa na wakati, bila uwezo wa kuingiza msimbo. Akiaminika, mtunzaji mmoja humpendekeza na wenzake hupiga kura. Zinahitajika theluthi mbili. Pablo Galindo aliingia mwaka 2018, na baadaye ndiye aliyesimamia matoleo ya 3.10 na 3.11.

Uangalifu huo si urasimu. Mradi wa xz, zana ya kubana mafaili, ulitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa kujitolea. Akaja mchangiaji mwenye bidii aliyejiita Jia Tan, huku akaunti nyingine zikimshinikiza Collin aongeze msaidizi. Mwaka 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, baada ya Andres Freund kushangaa kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kupitia ssh kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Collin alihitaji wenzake wa kweli miaka mingi kabla ya hapo.

Hata Python haikuweza kutegemea saa za jioni peke yake. Julai 2021 Python Software Foundation, kwa ufadhili wa Google, ilimwajiri Łukasz Langa afanye kazi ya utunzaji kwa muda wote, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kupitia mapendekezo ya wengine yaliyokuwa yamekaa bila majibu.