Kuridhika au Kuwa Radhi? Uhakiki wa Hojaji za Huduma Chuoni

Miongoni mwa vyombo ambavyo vyuo vikuu hutumia kujichunguza, hojaji ya kupima kuridhika kwa wanafunzi imepata kuenea sana. Ni rahisi kuichapa, ni nyepesi kuijaza, na majibu yake hugeuka tarakimu zinazopendeza katika ripoti. Wanaoihakiki aghalabu hushughulikia hesabu: ukubwa wa sampuli, wastani, uthabiti wa kipimo. Maneno yenyewe huachwa yapite bila kukaguliwa. Katika vyuo vya mashariki na kusini mwa Kongo upungufu huo una uzito wa pekee, kwa kuwa lugha ya ofisi ni Kifaransa, na malalamiko ya wanafunzi, foleni nzima mbele ya dirisha la ofisi, husemwa kwa Kiswahili.

Hojaji nyingi za aina hii zina asili yake katika SERVQUAL, kipimo kilichotolewa mwaka 1988 na Parasuraman, Zeithaml na Berry, wataalamu wa masoko nchini Marekani. Kilijengwa kwa kuchunguza wateja wa benki, wa kadi za mkopo, wa madalali wa hisa, wa mafundi wa vyombo vya nyumbani na wa simu za masafa marefu. Kina vipengele 22 katika nyanja tano. Kila kipengele huulizwa mara mbili, kwa alama 1 hadi 7: kwanza mteja anatarajia nini, kisha ameona nini. Matarajio yakiondolewa katika yaliyoonekana, tofauti inayobaki ndiyo ubora wa huduma.

Mfasiri hukwama mapema. Miongoni mwa nyanja tano upo uwezo wa mtoa huduma kumwelewa mteja na kumjali yeye binafsi. Neno linalomjia mfasiri mwepesi ni «huruma». Lakini huruma ni ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Mwanafunzi aliyelipa ada na anayedai hati ya alama zake haombi kuhurumiwa. Anadai kilicho chake. Akiulizwa kama watumishi wa ofisi wana huruma, tayari amekwisha kuwekwa katika nafasi ya mwombaji. Kipengele kingine huuliza juu ya unadhifu wa mavazi ya watumishi. Kwa benki swali hilo lina maana. Kwa ukumbi wa mihadhara ambamo wengine husikiliza wakiwa wamesimama dirishani, ni karibu dhihaka.

Neno «matarajio» lina matatizo makubwa zaidi. Katika Kiswahili mtu anaweza kutarajia analotumaini, na pia analoona kuwa litatukia. Linalopasa kuwako ni jambo la tatu. Yafaa ikumbukwe kwamba hata waasisi walijikwaa hapo: mwaka 1991 waliyaacha maneno ya «inapasa» yaliyokuwamo katika sehemu ya matarajio, wakauliza badala yake kile ambacho shirika bora lingefanya. Katika Kiswahili marekebisho hayo hayatoshi, maana kitenzi «tarajia» hurudisha utata wote kwa mlango wa nyuma.

Matokeo yake yanaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatarajia maktaba ya alama 7, akakuta ya alama 3. Tofauti ni 4 chini ya sifuri: huduma mbovu. Mwenzake wa mwaka wa mwisho ameizoea maktaba hiyo hiyo. Hatarajii zaidi ya 3, na anaiona kuwa 3. Tofauti ni sifuri: huduma haina dosari. Vitabu havikuongezeka hata kimoja. Kilichobadilika ni mwanafunzi, aliyejifunza kutotarajia. Chuo kinachopima kwa njia hii chaweza kupandisha alama zake kwa kuvunja moyo wa wanafunzi. Mwaka 1992 Cronin na Taylor walipendekeza kuacha matarajio na kupima utendaji peke yake. Pendekezo hilo laondoa kutoa, lakini halimwondolei mhojiwa mazoea yake.

Ndipo lafika neno kuu lenyewe. «Kuridhika» lina undugu na «radhi», na ukoo huo una pande mbili. Kuwa radhi ni kukubali, na mtu anaweza kuwa radhi kwa jambo asilolipenda, kwa kuwa njia nyingine haipo. «Kutosheka» huuliza kiasi, na huacha wazi kipimo cha kutosha. «Kukinai» huweza hata kuwa ni kushiba hadi kuchoka. Mwanafunzi wa Lubumbashi asemaye «tutafanya namna gani?» huenda akaweka alama kwenye «nimeridhika» bila kusema uongo. Na lile jibu la katikati, «sikubali wala sikatai», ambalo mtakwimu hulihesabu kuwa ni kutokuwa na upande, katika mazungumzo ya kawaida ni jibu la mtu anayejikinga.

Kujikinga huko kuna historia. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana wakidai, pamoja na mengine, posho bora za masomo. Wanajeshi waliwafyatulia risasi, na wengi wakauawa. Mwaka 1971, baada ya kumbukumbu ya waliokufa, wanafunzi wa Lovanium walipelekwa jeshini kwa nguvu, na mwaka huo huo vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja chini ya serikali. Hapo kutoridhika kulipimwa kwa njia nyingine kabisa. Hojaji inayogawiwa na mtumishi yule yule anayetunza faili za wanafunzi haiwezi kujifanya kwamba yaanzia mahali patupu.

Itasemwa kwamba kasoro hizi ni za nchi maskini. Sivyo. Uingereza ilianzisha uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi mwaka 2005. Mwaka 2017 vyama vya wanafunzi viliususia, vikipinga matokeo yake kutumiwa katika mpango uliofungamana na upandishaji wa ada. Na mwaka 2023 swali la kuridhika kwa jumla liliondolewa kwa vyuo vya England.

Kwa vyuo vya Kongo, ambako tangu miaka ya 1990 wazazi wamebeba sehemu kubwa ya gharama, swali lenye manufaa ni lile linalouliza tukio, si hisia. Hati ya alama iliombwa lini, ikatolewa lini? Katika vitabu vilivyotajwa na mwalimu, vingapi vilipatikana maktabani? Bwenini maji yalitoka siku ngapi wiki iliyopita? Malipo gani yalidaiwa bila risiti? Maswali haya hufasirika kwa Kiswahili cha Bukavu na cha Kolwezi bila kamusi, na majibu yake yaweza kulinganishwa na daftari za ofisi. Yamkini ndiyo sababu huulizwa kwa nadra.