Je, Kambi Iliwafungua Macho? Kuzisoma Upya Tawasifu za Itote na Kaggia

Katika masomo yetu ya fasihi na historia ya Afrika Mashariki kuna hadithi moja ambayo imerudiwa hadi imekuwa kama kiitikio. Askari wa King's African Rifles, yaani KAR, alitoka kijijini akilijua kabila lake tu. Akapelekwa Misri au Burma, akamwona Mzungu akivuja damu kama yeye, akarudi nyumbani akiwa mzalendo. Kiswahili nacho hupewa sifa zake humo, kwamba ndicho kilichowakalisha pamoja Mkamba, Mwacholi na Myao. Vitabu vinavyoletwa kama ushahidi huwa ni viwili hasa: "Mau Mau" General cha Waruhiu Itote, kilichotoka mwaka 1967, na Roots of Freedom cha Bildad Kaggia, cha mwaka 1975. Nimevisoma vyote viwili, na ninaona kwamba usomaji huo unavionea.

Nianze na Itote, kwa sababu kitabu chake ndicho kinachotajwa zaidi. Alikuwa kijana wa Nyeri aliyejiunga na jeshi mwaka 1942 na kufika Burma. Anaeleza jinsi majivuno ya Wazungu yalivyopungua kwenye mstari wa mbele: walikunywa chai ileile, wakatumia maji yaleyale, wakacheka mizaha ileile. Wahakiki wengi huishia hapo, kana kwamba risasi ndiyo iliyofundisha usawa. Lakini sehemu zenye uzito katika kumbukumbu zake za Burma na India ni mazungumzo. Kuna askari Mwingereza anayemuuliza anapigania nini, naye Itote anakosa jibu. Kuna askari mweusi wa Marekani anayekutana naye Calcutta. Kuna Wahindi wanaozungumzia uhuru wa nchi yao. Hakuna hata moja kati ya mazungumzo hayo lililokuwa sehemu ya mafunzo ya kijeshi. Yalitokea saa ambazo hakuna aliyekuwa akitoa amri.

Tofauti hii si ndogo. Jeshi lenyewe, kama chombo, lilijengwa juu ya migawanyiko. Waingereza waliandikisha watu kwa kuyapanga makabila kuwa ya "kivita" na yasiyo ya kivita. Wakamba, Waacholi na Wakalenjin walisifiwa kwa ushujaa, huku Wakikuyu na Waganda wakionekana wasomi mno, wanaofaa ukarani na upelekaji wa habari. Mishahara ilifuata rangi. Katika vita ile Mwafrika wa KAR, hata awe hodari namna gani, aliishia usajinimeja. Zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walipita katika mpango huo. Kusema kwamba mpango huo uliondoa ukabila ni kumshukuru aliyechimba shimo kwa kuwa tu wewe ulifanikiwa kupanda ukatoka.

Kaggia anatusaidia kuliona hili kwa sababu yeye hakuwa mtu wa bunduki. Alikuwa karani. Vita vilimpeleka Mashariki ya Kati na kisha Uingereza. Alizuru mahali patakatifu pa Palestina, akaondoka na maswali juu ya dini aliyofundishwa na wamisionari, na aliporudi Kenya alianzisha kundi lake la kidini, ambalo watu waliliita Dini ya Kaggia. Uingereza aliishi karibu na Waingereza wa kawaida, wasiofanana na walowezi aliowaacha nyumbani. Kwa maoni yangu, tawasifu yake ni bora kuliko ya Itote kwa jambo moja: haitoi picha ya udugu wa askari. Inatoa picha ya mtu aliyepata nafasi ya kulinganisha, na kulinganisha huko kukamharibia utii.

Ni lazima pia tuulize kila mmoja aliandika akiwa wapi. Itote alikamatwa Januari 1954 akiwa Jenerali China wa msituni, akahukumiwa kifo, akanusurika. Alipoandika mwaka 1967 alikuwa mtumishi wa serikali ya Kenyatta katika Huduma ya Vijana wa Taifa, na kaulimbiu ya siku hizo ilikuwa kwamba wote walipigania uhuru. Haishangazi kwamba katika kitabu chake migawanyiko inazibika vizuri. Mtu aliyesema kwamba vita vilimfundisha kuona zaidi ya kabila aliongoza jeshi lililokuwa karibu lote la Wakikuyu, Waembu na Wameru, lililofungwa kwa viapo, na kitabu hakikai juu ya mvutano huo kwa muda wa kutosha. Kaggia, kwa upande wake, alikuwa ameondoka serikalini mwaka 1964 kwa ugomvi wa ardhi na kuingia upinzani pamoja na Odinga mwaka 1966. Kwake mpaka unaobaki ni ule kati ya wenye mashamba na wasio nayo. Askari wawili, vita moja, Kenya mbili.

Hapa ndipo mimi, kama mwanafunzi kutoka Uganda, ninaposhindwa kabisa kuimba kile kiitikio. Idi Amin aliingia KAR mwaka 1946. Katika miaka ya 1950 alipelekwa Kenya kupigana na Mau Mau, yaani dhidi ya jeshi ambalo baadhi ya viongozi wake, kama Itote, walikuwa wamevaa sare ileile. Mwaka 1959 alikuwa amefikia cheo cha effendi. (Neno hilo la Kituruki, lililotufikia kupitia Misri na askari wa Kisudani, ndilo hilo hilo "afande" tunalolisikia kila siku.) Kambi, gwaride na lugha vilikuwa vilevile. Mwaka 1971, miezi michache baada ya mapinduzi yake, askari Waacholi na Walangi waliuawa kwa wingi ndani ya kambi za Jinja na Mbarara. Waliouawa na waliowaua walikuwa wamekula chakula kimoja na kupokea amri kwa Kiswahili. Kiswahili hakikuwaokoa.

Mwaka 1973 Amin huyohuyo alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 1979 Watanzania walikuja nacho tena, na watu wa Buganda wakawaita Bakombozi, jina lililoanza kama shukrani na baadaye likasemwa kwa midomo iliyokunjwa. Mzee wa Kampala anayenuna akisikia Kiswahili anakumbuka kizuizi cha barabarani na sauti inayosema "Toa kitambulisho!" Julai 2022 baraza letu la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Walimu watakaotumwa vijijini watakutana na kumbukumbu hiyo kabla ya kufungua kitabu. Tukiwaambia kwamba jeshi lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya umoja, watakuwa wamepotea kabla ya kuingia darasani.

Kiswahili cha KAR kilikuwa kimepunguzwa kwa makusudi. Upatanisho wa ngeli ulitupwa, vitenzi vikabaki vya kuagiza na kuitikia. Lugha ya namna hiyo inaweza kuwapanga watu mia mstari mmoja wala isiwawezeshe wawili kubishana. Ili Myao na Mkikuyu wabishane juu ya ardhi walihitaji kukijaza tena, usiku, kwa maneno ya sokoni na ya nyumbani. Hicho ndicho Kiswahili ambacho ningependa kukisikia katika tawasifu hizi, na sikisikii, kwa kuwa zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza.

Nimejaribu kuyatafsiri mazungumzo ya Itote na yule Mwingereza kwa ajili ya kikundi chetu cha usomaji. Nilikwama kwenye sentensi ya kwanza. Kiingereza kinampa kila mmoja neno moja tu la kumwita mwenzake, nalo linawatosha wote wawili. Kwa Kiswahili sina budi kuchagua: je, Itote anamjibu kwa "bwana", kwa "afande", au kwa "wewe" tupu? Nikiandika "bwana", usawa wa mstari wa mbele unabomoka palepale. Nikiandika "wewe", nimempa uhuru ambao aliporudi Nyeri ungemtia matatani. Wenzangu watatu walichagua "wewe", wawili "bwana". Mmoja, ambaye baba yake alikuwa askari, alisema tuache nafasi wazi.