Mikono Inayosoma Viungo

Mwambie mcheza baleti ainame aguse sakafu bila kukunja magoti. Ataweka viganja vyote viwili chini, huku akiendelea na mazungumzo yake. Kwa mtu mwingine daktari angeanza kuuliza maswali, lakini kwa mcheza dansi kitendo hicho hakisemi mengi. Misuli ya nyuma ya mapaja yake imenyooshwa kila siku tangu utotoni mpaka imezoea. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia wachezaji inapokuwa ngumu, na ndipo ninapoipenda: ni lazima atenganishe unyumbufu uliopatikana kwa jasho na ule ambao mtu amezaliwa nao. Jukwaani huwezi kuutofautisha.

Aliyezaliwa nao ana kano zinazovutika kupita kawaida. Kano ndizo zinazofunga mfupa kwa mfupa, na uimara wake unatokana na protini iitwayo kolajeni. Kolajeni ikiwa ya namna ya kulegea, kiungo huvuka pale ambapo cha mwenzake kingekoma. Wengi huishi hivyo hadi uzeeni bila tatizo. Wengine huandamwa na maumivu, viungo kuteguka mara kwa mara na uchovu usioeleweka. Nao baleti huwapokea kwa mikono miwili, kwa sababu goti linalopinda kidogo kuelekea nyuma huupa mguu mstari ambao walimu na watazamaji wanaupenda. Kwa hiyo sifa iliyomfungulia msichana mlango wa shule ya dansi yaweza kuwa ndiyo itakayomuumiza.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kina asili ya Afrika, na nadhani wengi wanaokitumia katika kumbi za dansi za Ulaya hawalijui hilo. Mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake wawili, Solomon na Soskolne, walichapisha utafiti walioufanya miongoni mwa Watswana wa vijijini Afrika Kusini. Walihitaji njia ya kupima watu wengi kwa haraka, bila eksirei, hivyo wakarekebisha vigezo vilivyotangulia vya Carter na Wilkinson vya mwaka 1964. Zikapatikana alama 9: vidole vidogo viwili, vidole gumba viwili, viwiko viwili, magoti mawili, na moja ya kuinama. Kwa mtu mzima ambaye hajavuka miaka 50, alama 5 na kuendelea huhesabiwa kuwa dalili ya ulegevu wa viungo vingi. Kwa mtoto ambaye hajabalehe zinatakiwa 6, maana watoto kwa kawaida ni wepesi zaidi.

Kuzihesabu alama ni rahisi. Kuzipima vizuri ndiyo kazi. Chukua kidole kidogo. Mkono wote unalazwa juu ya meza, kiganja chini, na mpimaji anakibana kiganja kwa upole kisiinuke. Kisha anakiinua kidole polepole kuelekea nyuma mpaka kigome. Kikipita nyuzi 90, ni alama moja. Lakini mpimaji hodari hatazami pembe tu. Anasikiliza kwa ncha za vidole vyake jinsi kiungo kinavyokoma. Kano imara hukaza mara moja, kama kamba ya katani. Ile iliyolegea huendelea kujivuta kidogo kidogo, kama mpira wa tairi unaofungia mzigo kwenye baiskeli, hata huwezi kusema ni wapi hasa ilipofika mwisho. Hisia hiyo haina tarakimu. Hujengeka mikononi kwa kushika vidole vya watu wengi, vigumu na vyepesi.

Kidole kidogo kina thamani ya pekee kwa sababu hakuna darasa la baleti linalokinyoosha. Kiwiko pia ni hivyo. Mpimaji anaweka goniomita, ile rula ya plastiki yenye mikono miwili, kitovu chake kikiwa kwenye nundu ya nje ya kiwiko, mkono mmoja ukielekea begani na mwingine kwenye kifundo cha mkono. Zaidi ya nyuzi 10 kupita mstari ulionyooka, alama nyingine. Viungo visivyofanyiwa mazoezi vikivuka mpaka kama vile vinavyofanyiwa, basi chanzo si darasa. Vifaa vyote ni meza, rula na subira, na natamani kila mwalimu wa dansi na sarakasi, Nairobi au Bagamoyo, ajifunze walau kuzitambua dalili hizi.

Hata hivyo alama 9 zina upofu wake. Nyonga hazimo, mabega hayamo, vifundo vya miguu havimo, na hivyo ndivyo mcheza dansi anavyovitegemea. Mpimaji anamlaza kifudifudi, anakunja goti, kisha anauachia mguu wa chini uanguke kuelekea ndani ili aone nyonga inazunguka nje kiasi gani. Anataka kujua kama ule mkao wa miguu iliyogeukia nje unatoka nyonga kweli, au unalazimishwa kwa kusokota goti na kulaza unyayo. Sehemu ya uwezo huo imo katika umbo la mfupa wenyewe, na hakuna mazoezi yatakayoubadilisha kwa mtu mzima.

Kisha maswali. Mwaka 2003 Hakim na Grahame walichapisha matano, na jibu la ndiyo kwa mawili linatosha kutia shaka. Mojawapo huuliza kama utotoni ulikuwa ukiwachekesha wenzako kwa kujikunja kwa namna za ajabu. Ni swali la busara, kwani viungo hukaza kadiri umri unavyosonga, na aliyefika miaka 40 anaweza kupata alama chache leo ilhali historia yake ni nyingine. Mpimaji huangalia pia ngozi na makovu, huuliza juu ya kizunguzungu mtu anaposimama, na akiona mwili mrefu sana wenye vidole virefu vyembamba, humpeleka kwa daktari aangaliwe moyo na macho.

Rodney Grahame huyo huyo alikwisha kuuliza mwaka 1972, pamoja na Jenkins, kama viungo vya namna hii ni mtaji au mzigo kwa mcheza baleti. Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2004, yeye na wenzake walipowachunguza wachezaji wa Royal Ballet, London: ulegevu unaoambatana na maumivu ulipungua kadiri ngazi ilivyopanda, kutoka kwa wanafunzi hadi kwa wachezaji wakuu. Naisoma kuwa wengine waliishia njiani.

Kwa hiyo kupima hakulengi kumfukuza mtu. Mpimaji anamsimamisha mchezaji ubavu kwa kioo na kumrudisha goti mpaka lisimame wima kweli. Mchezaji anabisha: anahisi amelikunja. Hisia ya mahali kiungo kilipo mara nyingi hufifia kwa watu hawa, hivyo amezoea kuusikia mguu pale tu kano zinapofika mwisho wake. Anafundishwa kusimama kwa nguvu ya misuli, kuacha kujinyoosha kupita mpaka, kujenga uwezo katika mizunguko midogo. Baada ya miezi kadhaa anapimwa tena. Nyuzi za goti zitabaki zilezile, kwa kuwa mazoezi hayafupishi kano. Kinachotazamwa ni kama anaweza kulipata lile goti wima akiwa amefumba macho.