Mazimwi na Mwendo wa Usimulizi katika Hadithi ya Masala Kulangwa

Hadithi ya Shing'weng'we na Masala Kulangwa ni miongoni mwa zile zijulikanazo sana katika Usukuma, tangu vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria karibu na Mwanza hata bara ya kusini. Aghalabu husifiwa kwa mwisho wake: zimwi lapasuliwa, na watu wote waliomezwa watoka wazima. Kwa sababu hiyo imepata kufasiriwa kidini, kijana akafananishwa na mkombozi. Tafsiri hiyo ina haki yake, lakini huliharakia mno tumbo la zimwi, ikayapita yale ambayo msimulizi mwenyewe hukawia nayo. Ubora wa hadithi hii umo katika mwendo wake, na mwendo huo hupimwa kwa viumbe vidogo vinavyotangulia zimwi.

Kama ilivyo katika kitabu cha mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz kilichotolewa mwaka 1996, muhtasari wake ni huu. Shing'weng'we alimeza mifugo na watu wote wa dunia, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akazaa mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa, jina lifasiriwalo kuwa mwenye akili, mwepesi wa kufahamu. Alipokua alimwuliza mamaye kwa nini wako wawili tu. Alipoambiwa habari za zimwi, akaondoka kulitafuta. Kwanza akaua panzi, akarudi akiimba kuwa amemwua Shing'weng'we. Mama akamjibu kwamba huyo ni panzi tu. Na wamchome, wamle. Akaua ndege, kisha paa, kisha mnyama mkubwa zaidi wa jamii ya swala. Na kila mara wimbo ni ule ule, na jibu ni lile lile. Mwisho akalikuta zimwi lenyewe.

Watu wa Pwani wanayo hadithi iliyo jamaa ya hii, nayo ni ile ya Sultani Majnun, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja. Humo mna ngazi mbili. Paka wa Sultani aanza kwa kula wanyama, akaendelea hata akala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo akaitwa nunda. Mwana mdogo naye aua mbwa, punda milia, twiga, kifaru na ndovu, akidhani kila mmoja kuwa ndiye nunda, na mama humkatalia. Zimwi lakua na mwindaji akua. Hadithi ya Kisukuma imeiacha ngazi ya kwanza: zimwi laja limekwisha kukomaa, nalo lamaliza dunia kwa sentensi moja. Basi mzigo wote wa mwendo waangukia majibu ya mama.

Majibu hayo yana kazi tatu. Hufunza, kwa kuwa mtoto hajapata kuliona zimwi, naye hulijua kwa kuvijua kwanza vile visivyo zimwi. Hulisha, kwa kuwa kila kosa lapikwa likaliwa, na juhudi ya mtoto haipotei bure. Tena humkuza Shing'weng'we bila kumsifu kwa neno moja. Kwani kila mnyama anayekataliwa humfanya msikilizaji azidi kujiuliza huyo mwenyewe atakuwa mkubwa kiasi gani. Mfupishaji anayefuta marudio haya ili kuokoa nafasi hupunguza kimo cha zimwi lenyewe.

Hata hivyo, hadithi haikosi kasoro. Kutoka swala hata mmeza-dunia ni hatua ndefu mno, na kuuawa kwa zimwi hupita upesi pasipo kuonyesha ule werevu ulioahidiwa na jina la kijana. Katika jambo hili hadithi ya Pwani, yenye kifaru na ndovu, imeipanga ngazi yake kwa usawa zaidi.

Lakini werevu huo haukusahauliwa. Umewekwa mahali pengine. Alipokuwa akilipasua zimwi, kijana alimkata ajuza mmoja sikio kwa bahati mbaya. Ajuza akaghadhibika, akamtukana, akataka kumroga. Rafiki zake kijana wakamlinda, naye akatafuta dawa, akamponya yule mama. Ndipo watu wakamweka katika kiti cha utemi.

Wako wanaoliona tukio hili kuwa kiraka kilichoshonwa baada ya nguo kwisha. Lakini likisomwa pamoja na panzi, maana yake yadhihirika. Kijana anakutana tena na adui mbele yake, na safari hii hapana mama wa kumwambia kwamba huyu siye Shing'weng'we. Alitambua peke yake. Mkono uliozoea kuua haukuua; ulikwenda kutafuta dawa. Yale makosa manne ya utotoni yalikuwa darasa la hukumu hii moja, na utemi hautolewi baada ya zimwi kufa, ila baada ya sikio kupona. Tafsiri ya mkombozi hupata tabu na sikio hilo. Tafsiri ya mwendo hulihitaji, maana mtawala asiyeweza kupambanua kati ya zimwi na mwenye kinyongo cha haki angeweza kuwa Shing'weng'we wa pili.

Basi yafaa wachapaji wa hadithi hii waviache vitu viwili mahali pake: panzi mwanzoni na sikio mwishoni. Kimoja kikiondolewa, cha pili hakina maana.