Kuunga Brashi ya Upepo na Kompresa

Katika kazi zote za kupuliza rangi hakuna iliyo laini kuliko ile ya brashi ya upepo, ambayo tundu la ncha yake aghalabu ni thuluthi ya milimita au karibu na hapo, na ambayo kwa sababu hiyo haivumilii unyevu, wala upepo usiotulia, wala kiungo kinachovuja. Mafundi wengi, wakiwamo wanaochora picha ubavuni mwa matatu za Nairobi na wanaopamba keki za harusi, hununua brashi njema, wakawa na kompresa yenye nguvu, kisha wakakwama kati ya vyombo viwili hivyo kwa kuwa mdomo wa kimoja haukubali mdomo wa chenziwe. Makusudi ya uchambuzi huu ni kueleza jinsi muungano huo unavyofanywa ukatimia, na kuthibitisha kwamba uzuri wa picha huanza kuamuliwa kwenye viungo vya shaba kabla rangi haijatiwa kikombeni.

Na tuichukue kazi iliyo ya kawaida: brashi ya Iwata, itokayo Japani, iungwe na kompresa ya gereji yenye tangi, ishindiliayo upepo hata ukafika bar 8. Mkia wa brashi hiyo una hesi za nje za thumni ya inchi, na tundu la kutolea upepo la kompresa nyingi za namna hiyo lina hesi za ndani za robo inchi, zote mbili kwa kipimo cha mabomba cha Kiingereza. Asiyezoea vipimo hivi huweza kupotea, kwa maana akiupima mkia huo atakuta unene wake ni karibu milimita 9.7, ambao ni mara tatu ya thumni ya inchi, na hesi za nje za robo inchi atazikuta na milimita 13.2. Sababu ni kwamba vipimo hivi vilipewa majina kwa upana wa tundu la bomba la zamani, si kwa unene wa hesi zilizochongwa juu yake. Basi sharti la kwanza ni kupima kwa kalipa na kuhesabu hesi zilizomo katika inchi moja, kwani kukadiria kwa jicho ndiko kunakojaza sanduku la fundi vipande visivyofaana.

Hadhari zaidi yatakiwa kwa vyombo vya Marekani. Hesi za Kiingereza zafuata umbo aliloliasisi Joseph Whitworth mwaka 1841, lenye pembe ya digrii 55, ilhali za mabomba ya Kimarekani zina pembe ya digrii 60. Na katika robo inchi, ya Kiingereza ina hesi 19 kwa inchi na ya Kimarekani 18, kama vile katika thumni zilivyo 28 kwa 27. Hitilafu hiyo ni ndogo kiasi cha kumhadaa mtu, maana vipande hivyo viwili huingiana mizunguko miwili ya mwanzo kama ndugu, kisha vikakwama au vikavuja, na anayelazimisha kwa spana huziharibu hesi za shaba milele. Kadhalika brashi za Badger na za Paasche zina hesi za aina yake, nyembamba kuliko thumni ya inchi, na kila moja hutaka adapta yake.

Baada ya kulinganisha hesi, yafaa kujua kiungo huzuia upepo kwa njia gani. Ziko hesi zilizochongoka, ambazo kadiri zinavyokazwa ndivyo zinavyobanana, nazo huvishwa utepe mweupe wa mafundi bomba, mizunguko miwili au mitatu kuelekea upande wa kukazia, hesi ya kwanza ikiachwa wazi ili nyuzi za utepe zisikatike zikasafiri mpaka kwenye ncha ya brashi. Na ziko hesi sambamba, ambazo kazi yake ni kushika tu, kuzuia kukiwa juu ya washa au ringi ya mpira iliyo ndani ya kiungo. Mkia wa brashi ni wa aina hii ya pili: hautaki utepe, wala nguvu nyingi, bali mkono na robo mzunguko wa spana ndogo.

Mpangilio wa vyombo nao una hoja yake. Kutoka kwenye tangi hufuata koki, kisha mtego wa maji, kisha kidhibiti upepo chenye geji, kisha mpira mwembamba, na mwishoni brashi. Na redusa ya kushusha robo kuwa thumni hufungwa pale kidhibiti kinapokutana na mpira, ili mkono wa mchoraji usibebe uzito wa shaba. Mtego hutangulia kidhibiti kwa sababu ya tabia ya mvuke wenyewe. Penye joto la digrii 30, mita moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam ukifika asilimia 80, hewa hiyo ina gramu 24. Shindilia mita nane za hewa hiyo katika nafasi ya mita moja, na mvuke wote utakuwa gramu 192. Hewa ikisharudi kwenye joto lake la kwanza haiwezi kushika zaidi ya zile 30, na zilizobaki, zaidi ya gramu 160, huanguka kuwa maji. Kwa hiyo mtego hukamata vyema pale upepo ulipo mzito na umekwisha kupoa, na anayeufunga ubavuni mwa pampu yenye moto huuacha mvuke upite ukageuke maji ndani ya mpira, yakatoka kwa matone juu ya picha. Na tangi lifunguliwe koki yake ya chini kila jioni.

Mgandamizo wa brashi ni bar 1 mpaka 2, yaani pauni 15 mpaka 30 kwa inchi ya mraba, nao hupimwa kitufe kikiwa kimebonyezwa, maana geji husoma zaidi upepo ukiwa umesimama. Mwisho wa yote, viungo hupakwa povu la sabuni: kinachotoa mapovu hakijakazwa sawasawa, nacho hufunguliwa baada ya upepo wote kutolewa, kamwe si kabla.

Nawasihi mafundi, hususan vijana wanaoanza, wasiache fedha zao zote kwenye brashi ya thamani. Wanunue mtego na kidhibiti vilivyo madhubuti, na waendapo dukani wachukue mkononi brashi yenyewe, pamoja na kipande cha upande wa kompresa, ili vijaribiwe pamoja kabla fedha haijatolewa.