Sikiliza Gumba: Namna ya Kumpima Mpiga Gitaa Kavu

Jioni moja pale Kikula, mtaa wa Likasi, kijana akishika gitaa kavu, lile lisilo la umeme, na kulikimbiza mpaka meza zote zikapiga makofi, zuia yako kwanza. Kasi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote katika gitaa la Katanga. Miezi michache ya mazoezi inaileta. Mwombe apunguze mwendo, halafu sikiliza kidole gumba chake tu.

Mtindo huu hupigwa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Gumba linashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinashika nyembamba, na mtu mmoja anasikika kama wawili. Kipimo chake kilirekodiwa hapahapa Likasi. Mwaka 1952, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika na mitambo yake ya kurekodi akamkuta Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930, akamrekodi akipiga "Masanga". Anayetaka kuwa na sikio la kupima wengine aanzie hapo, na airudie rekodi hiyo akiipa kazi tofauti kila mara.

Mara ya kwanza lifuate gumba. Halitetereki, na wala halijitangazi. Mara ya pili fuata kidole cha shahada, nawe utasikia kinavyoanza kugawa mapigo kwa tatu huku gumba likiendelea na mbili zake. Hapo ndipo wengi wanapofichuka. Kwa mpigaji wa wastani, kidole cha juu kikiingia kwenye tatu, gumba hukivutikia. Mdundo unalegea na wanaocheza wanakosea hatua bila kujua nani kawakosesha. Hodari huviacha vidole vibishane kwa muda anaotaka yeye, kisha akavipatanisha pale alipokusudia tangu mwanzo. Ukisikia vimekutana kwa bahati, utajua: sauti ya kukutana kwa bahati huwa kubwa mno, kwa sababu mpigaji mwenyewe ameshtuka.

Baadaye mwombe kwa adabu, "Papa, rudia ile ya kwanza." Kama ni mzee wa kazi, hatairudia kama ilivyokuwa. Mwendo utabaki uleule, lakini vifungu vitahama, kimoja kitarefushwa, kingine kitaruka. David Rycroft, aliyekaa na rekodi za Mwenda na kuziandika kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuita upigaji huo ubunifu wa papo hapo, yaani jambo lilelile ambalo wapenzi wa jazz husafiri mbali kulifuata. Neno "jazz" limeandikwa kwenye majina ya bendi chungu nzima, kuanzia African Jazz na OK Jazz za Léopoldville hadi zile za Tanganyika, ingawa muziki wao mwingi ulikuwa rumba. Kwa maoni yangu aliyelistahili zaidi alikuwa mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti chake, bila bendi.

Sauti ya kuimba ipime kwa njia ya pembeni. Usiulize kama ni nzuri. Uliza mkono unafanya nini mdomo unapofunguka. Mwimbaji dhaifu huanza ubeti na papo hapo mkono wake unarudi kwenye kwaruza-kwaruza ya mwanafunzi. Hata hivyo usiwe mkali kwa wote sawasawa. Edouard Masengo, binamu yake Mwenda aliyepitia kundi la JECOKE la Lubumbashi, nguvu yake ilikuwa kooni, katika ule Kiswahili cha Katanga kinachozungumza zaidi ya kuimba, na ukimpima kwa vidole pekee utamkosea.

Chupa nayo ina lake la kusema. Magharibi mwa Kenya, kwa wapiga gitaa wa aina ya George Mukabi, mwenzake wa mpiga gitaa hugonga chupa ya soda kuweka mapigo. Iambie chupa inyamaze ghafla katikati ya wimbo. Gitaa likipungukiwa na uhai, mpigaji alikuwa amebebwa.

Gitaa lenyewe lisikushughulishe. Penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye shingo hufanya kazi ya kapo, kile kibano cha kupandishia sauti ya nyuzi, bila aibu yoyote.

Jihadhari pia na sifa za safari. Mwenda alikaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, akasikika redioni na kutangaza dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Ndiye huyohuyo aliyewahi kufanya kazi benki na katika kampuni ya madini ya Gécamines, kuongoza bendi na kumiliki hoteli mpakani mwa Zambia. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Orodha ya majukwaa haikwambii lolote kuhusu mkono. Linalokwambia ni kuweka rekodi ya 1952 karibu na ile ya studio aliyoifanya Cape Town mwaka 1988, ukalisikiliza gumba la kijana kisha la mtu wa miaka 58.

Na rekodi za zamani zina udanganyifu wao: sahani ya santuri ilibeba kama dakika tatu tu, na kwa dakika tatu karibu kila mtu anaweza kuwa mzuri. Kwa hiyo ukitaka kumlipa mtu apige kwenye harusi yako, usimwamulie kwa wimbo mmoja. Mfuate anapopiga kwa wengine, ufike saa mbili baada ya kuanza. Kidole cha shahada bado kitakuwa kinatamba. Gumba ndilo huchoka mapema, na likianza kuchelewa hata kidogo tu, tafuta mwingine.