Susa Huonjwa Kifunikoni

Susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, ikisimamisha kijiko, hiyo si susa. Nasema hivi mwanzoni kabisa kwa sababu majuzi, kwenye hafla moja mjini Garissa, wageni kutoka Nairobi walipitishiwa glasi za kitu kizito, kitamu kwa sukari, chenye moshi wa kukereketa koo, na wote wakakisifu. "Hii ndiyo asili yenyewe," mmoja akasema, akaongezewa. Picha zikapigwa. Siku mbili baadaye mama mmoja ninayenunua kwake, ambaye susa yake haina doa, aliniuliza kama naye aanze kutia maziwa ya unga, maana wateja wapya wanamrudishia vikombe wakisema ni nyepesi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Asiyejua akisifu ovyo, anayeumia ni fundi.

Basi tuanze na huo wepesi. Maziwa ya ngamia hayagandi kama ya ng'ombe, na si uzembe wa mtu. Kapa-kasini, protini inayoyashika maziwa ya ng'ombe yakawa bonge, ni haba sana kwa ngamia, na mafuta yake yamo katika chembe ndogo mno ambazo hazipandi juu kuwa malai. Ndiyo maana jibini ya ngamia iliwatesa watu sana, hata kiwanda cha Tiviski cha Nouakchott, Mauritania, kilipofanikiwa kuitengeneza katika miaka ya 1990 ikawa habari ya dunia. Kwa hiyo susa halali hutiririka. Imimine kutoka kikombe kimoja hadi kingine: ianguke kwa uzi usiokatika, nyeupe pe, na ukiitikisa itoe povu. Ikianguka kwa mabonge, kuna ng'ombe humo. Ikiwa na umanjano, kuna ng'ombe vilevile. Mbuzi ni mgumu kumkamata kwa macho kwa kuwa naye maziwa yake ni meupe. Huyo utamjua puani, na ukishamjua mara moja hatakupita tena.

Uchachu uje mwishoni. Ulimi upate kwanza chumvi, halafu moshi, halafu ukali kidogo pembeni, kisha mdomo ubaki safi. Susa inayoanza na ukali imelala siku nyingi. Sukari haina nafasi hapa, na sitaijadili zaidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni hulipita kila siku. Mgeni akipewa susa, macho yake yote yanaenda kwenye maziwa. Anayejua huomba kifuniko. Haombi kikombe wala kuonjeshwa. Anaomba kifuniko cha chombo yalimotoka, kikiwa bado hakijasuuzwa, anakigeuza, anakipeleka puani, anasubiri. Kwenye dhiil iliyosukwa vizuri, chombo chetu cha maziwa, kifuniko ndicho pia kikombe, kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na namna ya kunywa bila kunusa. Ubora wa susa huamuliwa kabla hata tone moja la maziwa halijaingia, siku chombo kinapofukizwa, na kifuniko ndicho kinachobaki na ushahidi. Moshi hupanda juu na kufungiwa pale. Maziwa hayafiki pale isipokuwa kwa mtikiso wa safari. Harufu unayoipata kifunikoni ni ya kazi ya mama mwenye chombo, haijachanganyika na kitu.

Kazi yenyewe inataka subira. Chombo huoshwa kwa maji moto, kikaanikwa juani mdomo chini mpaka kikauke hadi ndani ya mishono. Vijinga vya mti mkavu vinavyowaka bila mwali hutiwa ndani, kifuniko kikafungwa, chombo kikazungushwa taratibu mikononi ili kila upande upate joto. Vijinga hutolewa, masizi yakasuguliwa kwa kifungu cha nyuzi, kisha vingine vikatiwa. Fundi hurudia mpaka ukuta wa ndani uwe na mng'ao wa hudhurungi. Pitisha kidole ndani ya kifuniko: kikitoka na mafuta kidogo ya rangi hiyo, keti unywe. Kikitoka cheusi, mti ulikuwa mbichi au mwenyewe alikuwa na haraka, na hayo masizi utayakuta kwenye meno yako.

Puani, moshi mzuri ni mkavu, una utamu wa mbali, na unaondoka upesi. Ukikuchoma pua, hapana. Ukinuka jiko lililozimwa kwa maji, hapana. Halafu nyuma ya moshi tafuta kitu kingine: harufu ya maziwa ya jana yaliyobaki kwenye mshono. Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Wanadhani moshi mwingi ni dalili ya asili, kumbe mara nyingi umezidishwa ili kufunika chombo kichafu. Chombo safi hakihitaji moshi mwingi. Yule mgeni wa hafla aliyekereketwa na glasi yake akaiita asili yenyewe alikuwa anasifu blanketi lililotupwa juu ya uvundo.

Mti ni marer. Najua wako wanaotumia mjunju, najua Marsabit wana mzeituni mwitu wao wa mlimani na wanajivunia, na huko Wajir nimeshakalishwa chini nikaelezwa kwa kirefu kwamba mgunga unatosha. Mgunga unatosha kupikia. Kwa susa, mti ni marer.

Soko Mugdi, mjini Garissa, kulikuwa na muuzaji mmoja, sasa ni ayeyo (bibi), aliyenunua kwa vifuniko. Mitungi ikishushwa kutoka kwenye gari alikuwa haonji. Alifungua yote, akavipanga vifuniko juu ya kitambaa kwa mstari, kila kimoja mbele ya mtungi wake, akapita akiinama. Vijana walioleta maziwa walisimama kimya. "Mwanangu, huu mrudishie mama yako auoshe," alikuwa akisema, na mtungi ukarudi garini bila bei kutajwa. Hakuwa anapandisha sauti. Maziwa ya kundi moja hakuyachanganya na ya kundi jingine hata siku ambazo mzigo ulikuwa mdogo, na mteja akiuliza alimwambia ni ya kwa nani na wamelisha wapi.

Sifa yake ilipoenea, mjanja mmoja akapata akili. Alijua yule mama ananusa vifuniko, basi akafukiza vifuniko. Mtungi wenyewe, wa plastiki wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, aliusuuza tu. Siku ya kwanza kifuniko kilinukia vizuri kuliko vyote mstarini. Yule mama akakirudia mara mbili, akakiweka chini, akainua mtungi akamimina kikombe kimoja, kisha akanusa shingo ya mtungi palipokuwa pametoka kulowa. Shingo ilinuka mafuta ya zamani. Tangu hapo sheria yangu ni kunusa vyote viwili, kifuniko kwanza, shingo baada ya kumimina. Harufu mbili zisizofanana maana yake vilikutana njiani.

Kuhusu maji, nawatetea wafugaji. Watu wanatia maji, sikatai. Lakini afisa anayetumbukiza laktomita, kipimo cha wepesi wa maziwa, wakati wa kiangazi cha Jilal na kumshtaki mama wa watu kwa maziwa mepesi hajui mnyama anayemhukumu. Watafiti Yagil na Etzion walichapisha mwaka 1980 kwamba ngamia aliyenyimwa maji hutoa maziwa yenye maji mengi zaidi, kutoka asilimia 86 hadi 91. Mnyama mwenye kiu anamnywesha ndama wake. Maziwa ya Jilal ni mepesi kwa haki. Ya kutiwa maji utayajua kwa sababu chumvi nayo imefifia; ya ngamia mwenye kiu chumvi yake hubaki na hata huzidi. Na maziwa yenye unga hubaki na utamu wa kopo nyuma ya ulimi.

Malisho ndiyo sura ya pili ya elimu hii. Huko Piemonte, Italia, wageni hupelekwa kilima hadi kilima kuonja mvinyo, na mwenyeji huwaonyesha mteremko zabibu zilikotoka. Mgeni anayekuja Garissa naye aulize ngamia wako wapi wiki hii. Nasema wiki hii, kwa sababu kundi linahama na ladha inahama nalo. Waliokula mti wa mswaki hutoa maziwa makali yenye chumvi nyingi, na wako wanaoyapenda hayo kuliko yote. Waliokaa kwenye migunga iliyochipua baada ya mvua za Gu hutoa maziwa laini, mazito kidogo, ambayo kwa susa hayana mpinzani. Ya upande wa Modogashe na Balambala nayaweka juu. Kusini, Ijara, ni nchi ya ng'ombe na msitu wa Boni una mbung'o, adui wa ngamia. Ukiuziwa huko susa ya ngamia, uliza maswali mengi zaidi.

Katika Piemonte hiyohiyo, mjini Bra, ndiko yaliko makao ya Slow Food, shirika linalotetea vyakula vya asili, na Slow Food iliitambua mala ya Wapokot inayotiwa majivu ya mti, ikaiandika na kuitetea. Wapokot wanastahili. Nauliza tu ni nani ameiandika susa yetu. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa ngamia na jamii yake. Sensa ya 2019 ilihesabu nchini Kenya ngamia zaidi ya milioni 4.6, kutoka chini kidogo ya milioni tatu mwaka 2009. Ngamia wanaongezeka. Dhiil nazo unaziona wapi? Kwenye harusi, zimepambwa kwa simbi, na ukutani kwenye sebule za watu ambao susa yao inatoka kwenye chupa ya soda. Zamani bi harusi aliletewa chombo alichosukiwa na mama na shangazi zake, na kila nyumba ilijulikana kwa moshi wake. Ukimfumba mtu macho angekuambia amefika kwa nani.

Plastiki ndiyo iliyotuvuruga. Mtungi wa plastiki una mikwaruzo ndani isiyofikiwa na brashi, na moto wa kuufukiza sawasawa unaweza kuuyeyusha. Wanaoufukiza hulazimika kufanya haraka haraka, na haraka ndiyo masizi. Mkebe wa alumini ni bora: unaoshwa ukatakata, unavumilia kijinga. Tatizo lake ni kwamba alumini hainywi moshi, kwa hiyo kila asubuhi ufukizwe upya, wakati dhiil ilikuwa ikibeba harufu ya miaka. Wako akina mama wanaofanya hivyo kila alfajiri bila kukosa, na susa ya hao ninainunua kwa bei wanayotaja.

Mgeni, jambo la afya usilidharau. Ugonjwa wa brusela upo kwenye mifugo, na uchachu wa susa peke yake si kinga ya kutegemea. Omba iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, kisha yakatiwa tone la susa ya jana. Wapo wazee watakaokunja uso. Mimi nimeonja zote, na chombo kikiwa kimefukizwa vizuri ya kuchemshwa inapungukiwa povu tu. Ukitaka maziwa yenyewe kabla hayajachachuka, yanywe kwenye chai.

Ukialikwa malishoni, fika wakati wa kukama usimame mbali. Mkamaji husimama kwa mguu mmoja, chombo kimekaa juu ya paja la mguu aliouinua, na maziwa hushuka kwa muda mfupi sana baada ya ndama kunyonya, kwa hiyo ukimsemesha unamwibia. Sema mashallah kabla ya kusifu mnyama yeyote, na usihesabu kundi. Pokea kwa mkono wa kulia, umekaa. Kisha omba kifuniko, kwa adabu, na tazama uso wa mwenyeji: fundi atafurahi, mwingine ataanza kutafuta mwanawe akisuuze.

Mjini, nenda sokoni asubuhi magari yanaposhusha, kabla mitungi haijaunganishwa. Nunua kidogo kwa mtu mmoja, kidogo kwa mwingine, usinunue lita tano kwa uliyekutana naye leo. Susa hushika kwa siku moja au mbili kulingana na joto, na Garissa joto halikosi, kwa hiyo ya jana jioni leo adhuhuri iko tayari. Ikifika siku inayofuata ikawa kali ya kufumba jicho, usiimwage. Songa soor (ugali) ya mahindi, ichote ikiwa moto, fanya shimo katikati umimine susa, ongeza kijiko cha subag (samli) juu, ule kwa mkono.